Blues Isiyo na Sebene

Nimestaafu. Nalisema hili mapema ili wale wanaonipigia simu asubuhi kuniuliza kwa nini maikrofoni ya kushoto inanguruma wajue kwamba sasa niko Kasungami, nje kidogo ya mji, nimeshika jembe, na jibu langu ni lile lile la siku zote: angalieni waya kwanza. Mlizoea kusema nyuma yangu kwamba Mama Ingénieur ni mkali. Sikuwa mkali, nilikuwa nimechoshwa na waya.

Ninyi mliobaki mbele ya meza ya sauti mliniomba niandike kidogo kuhusu kazi. Vyeo nitaviruka, maana nilikuwa na kimoja tu, nacho kilikuwa kile kiti chenye mguu uliofungwa kamba. Mishahara pia nitairuka, kama yenyewe ilivyokuwa ikituruka miezi fulani. Nitawaambia nilivyoanza, halafu nitawasimulia ile albamu ya mwisho, ya blues na jazi, kwa kuwa najua ndiyo mnayoingojea na mengine mtayasoma kwa adabu tu.

Baba yangu alitoka Kasai kuja kufanya kazi ya reli, na alikuwa ameshaamua kwamba mimi nitakuwa muuguzi. Mimi nilipenda redio kuliko wagonjwa. Siku ya kwanza nilipoingia chumba cha kurekodia cha redio nilikuwa nimevaa viatu vya kisigino na nimejipaka mafuta mpaka magotini. Mzee Donatien, fundi mkuu wa sauti, hakuniangalia usoni. Aliangalia chini.

“Toa ile bilatu, mama,” aliniambia. “Inasema kuliko weye.”

Nikavua. Akaniweka kwenye kiti katikati ya chumba kitupu, akafunga mlango, akarudi baadaye kuniuliza nimesikia nini. Nilimjibu sikusikia kitu. “Rudilia,” akasema, akafunga tena. Mara ya pili nilisikia feni. Mara ya tatu nilisikia feni, nyaya za taa, funguo za mlinzi kule nje, na tumbo langu mwenyewe, kwa sababu nilikuwa nimekuja bila kula. Nikamtajia yote kwa haya.

“Sasa umeanza kazi,” akasema. “Kesho, kula mbele ya kuya. Lakini haragi, hapana.”

Vijana, mnacheka, lakini hilo la maharagwe ni somo kamili. Nimeharibiwa rekodi mbili nzuri za kwaya na mpiga besi mmoja aliyekula maharagwe, na sitamtaja kwa sababu sasa ni mchungaji. Mzee Donatien alinifundisha pia kukata utepe kwa wembe na kuunga kwa gundi, na kazi yangu kubwa ya mwanzo ilikuwa kusafisha hotuba za wakubwa. Nilitoa vikohozi, nikatoa kumeza mate, nikatoa kila “euh”. Kuna hotuba moja nilipomaliza kuisafisha ilikuwa imebaki salamu.

Baadaye nikahamia studio ya mtaani Kenya. Msomaji wa mbali asihangaike: Kenya yetu ni mtaa wa Lubumbashi, wenye soko, wachomeleaji vyuma, na makanisa yanayosikilizana ukutani. Kurekodi Kenya kunahitaji ruhusa ya wenyewe watatu. Mvua ikipiga bati, unafunga kazi. Kanisa la jirani likiwasha spika, unafunga. Umeme ukikatika huhitaji kufunga, umeshafungwa. Ndiyo maana sisi tulirekodi watu wote pamoja, ndani ya chumba kimoja, wimbo mzima kutoka mwanzo hadi mwisho. Wageni walidhani tunafuata mtindo wa zamani kwa kuupenda. Tulikuwa tunakimbizana na umeme tu.

Nyimbo zenyewe zilikuwa za arusi, za matanga, za kampeni, na za kanisa, na zote hazikosi sebene. Mnaijua, lakini naandika na kwa wasiojua: sebene ni pale waimbaji wanaponyamaza, magitaa yanaanza kukimbia, na watu wanaacha sahani zao kwenda kucheza. Mkongo anaweza kuvumilia ubeti baada ya ubeti wa huzuni kwa sababu anajua sebene inakuja. Na ndani ya sebene ndimo yanamorushwa majina. Mtu amesaidia bendi, basi mwimbaji anamtaja katikati ya wimbo, mji wote unasikia. Hilo jina tunaliita libanga. Ufundi wangu uliokuwa ukisifiwa Kenya nzima ulikuwa kushusha gitaa kidogo tu, kwa kidole kimoja, ili libanga lisikike vizuri bila miguu ya wachezaji kukosea. Nimerekodi majina ya wauza saruji, ya wabunge, ya madaktari wa meno, na mara moja ya mbwa, aliyekuwa akilinda duka la mfadhili.

Basi, Mama Charlotte. Alikuja studio mwanzoni mwa kiangazi, wakati bati liko kimya, na shingo yake imezungushiwa kitambaa. Nilimjua kwa sauti kabla ya sura. Alikuwa sauti ya kwanza ya kwaya ya parokia, ile sauti inayopanda juu ya wengine wote Jumapili mpaka watoto wanaacha kusukumana. Nilikuwa nimemrekodi mara nyingi, na kila mara ilinibidi nimrudishe nyuma, karibu na mlango, ili wenzake nao wasikike.

Akakaa, akafungua kitambaa. Shingo ilikuwa imevimba upande mmoja, rovu kubwa, na ngozi juu yake imenyooka.

“Bataipasula,” alisema. “Docteur anasema sauti inaweza kubakia, inaweza kuenda. Hajui. Namuuliza, docteur, ni sauti gani, ya yulu ya kwaya? Ananiambia, mama, pengine yote.”

Nikamimina chai.

“Mbele bapasule, nataka tuiweke mu sahani,” akaendelea. “Lakini haiko nyimbo za kanisa. Za kanisa, Mungu alishaka kuzisikia. Nataka zile za papa.”

Baba yake alikuwa fundi wa kuchomelea katika karakana ya mgodi, na kutoka kwa wageni waliofanya kazi naye alikusanya sahani za santuri za Wamarekani weusi, blues na jazi, akazipiga nyumbani kila Jumamosi akipiga pasi. Charlotte mdogo alizishika zote kwa masikio. Tangu baba alipofariki alikuwa akiziimba akiosha vyombo, mlango umefungwa, maana mke wa katekista, kama yeye, hawezi kusikika akiimba nyimbo za baa.

“Hakuna mwenye alizisikia,” alisema, “ni masufuria tu.”

Nilimwambia sawa, papo hapo, kabla ya kujua nani atapiga, wapi, na kwa umeme gani. Mimi si mtu wa kusema sawa haraka, mnanijua. Lakini nilifikiria ile sauti ikikatwa na kutupwa kama utepe wangu wa zamani, na nikaona uchungu kabisa.

Kwanza nikamtafuta Vieux Ngoy, mpiga gitaa, mzee anayepiga kwa vidole viwili. Alijifunza gitaa kavu, lisilo la umeme, kwa mjomba wake katika kambi ya wachimba madini, na nilipomsikilizisha zile santuri aliinamisha kichwa na kusema ni muziki wa mjomba wake kabisa, ila mjomba alikuwa na haraka. Kwenye ngoma tukamweka Trésor, baba wa watoto wanne, bingwa wa arusi. Besi alipiga bwana mmoja mnyamavu ambaye aliniomba asitajwe popote, na katika mji wetu ombi la namna hiyo lilinishangaza hadi nikaliheshimu.

Jenereta alitoa Papa Hamisi. Babu zake walitoka Maniema, na yeye anauza magodoro karibu na soko la Kenya, mtu wa swala tano, wa tabasamu, na wa kupenda gitaa kupita kiasi. Alitoa pia magodoro ya kusimamisha ukutani ili sauti isirukeruke, kwa sharti kwamba plastiki zisitolewe, kwa kuwa atayauza baadaye. Sasa chukueni chumba, kizungushieni plastiki, halafu pigeni besi. Kila noti ya besi ilijibiwa na ukuta. Mama Charlotte akaenda nyumbani akaleta vitenge vyake vyote, hata vile vya sikukuu, tukavifunga juu ya magodoro. Chumba kikapendeza, kikanyamaza. Vieux Ngoy alipoingia aliuliza bibi harusi yuko wapi.

Halafu tukaanza mazoezi, na hapo ndipo nilipouona ugonjwa wetu wa kitaifa. Wimbo wa kwanza ulikuwa blues ya polepole, ya mtu aliyeamka akakuta nyumba tupu, mke kaenda, kachukua hata pazia. Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri, nikasikia mpaka nywele za mkono zikasimama. Ubeti wa pili nikaona goti la Trésor linatikisika. Ubeti wa tatu Vieux Ngoy akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, akapanda juu kwenye shingo ya gitaa, na kabla sijainua mkono, yule mtu wa nyumba tupu alikuwa ameshaingia kwenye sebene na kiuno kinazunguka.

Nikasimamisha. “Trésor, huyu muntu, bibi yake amekimbia.”

“Njo vile, Mama Ingénieur,” alinijibu. “Anamutafuta mbio.”

Tukarudia. Tukarudia tena. Walinielewa, waliniahidi, Vieux Ngoy hata aliapa kwa jina la mjomba, na kila mara ubeti wa tatu ukifika miguu yao ilikwenda kwenye arusi. Hawakufanya makusudi. Ukiwa umepiga sebene maisha yako yote, wimbo usiokuwa nayo unakuwa kama nyumba isiyo na mlango wa nyuma, unazunguka ndani hujui utokee wapi. Mama Charlotte alicheka mara mbili za kwanza. Mara ya tatu hakucheka, akashika kitambaa chake, na nikakumbuka kwamba tunacheza na muda wa mtu.

Dawa niliipata sokoni. Kwenye picha za santuri za baba yake nilikuwa nimeona wapiga jazi wameshika brashi za nyaya badala ya fimbo. Brashi za namna hiyo Lubumbashi hakuna, au kama zipo zimefichwa. Nilinunua mifagio miwili ya nyasi ngumu, nikaikata fupi, nikaifunga kwa utepe wa mafundi umeme, nikamnyang'anya Trésor fimbo zake nikazifungia kwenye kabati. Aliiangalia ile mifagio muda mrefu.

“Mama, miye niko batteur wa ngoma. Weye unanifanya boyi.”

“Fagia,” nikamwambia.

Akafagia ile ngoma. Ikatoa sauti ya mtu anayevuta miguu kwenye mchanga, taratibu, hana pa kwenda. Na kwa fagio hakuna binadamu anayeweza kupiga sebene, Trésor alijaribu, nyasi zilimrukia usoni. Vieux Ngoy naye, asipopata fimbo za kumsukuma, alibaki chini kwenye shingo ya gitaa akalia na kila waya. Tangu siku ile wimbo ulikwenda polepole mpaka mwisho, na waliposhusha vyombo wote wawili walikuwa wamejishangaa. Wadogo zangu, kumbukeni hilo: msibishane na mazoea ya mpigaji, mbadilishieni anachoshika.

Nyimbo za jazi zilileta kesi nyingine. Vieux Ngoy alilalamika kwamba zina makona mengi kuliko mtaa wa Kenya, ukipinda moja unakutana na nyingine. Lakini aliyapinda yote, kwa namna yake, na pale aliposhindwa alipita katikati ya kiwanja cha watu. Baadhi ya maneno Mama Charlotte aliyageuza mwenyewe kwa Kiswahili chetu, mengine aliyaacha kwa Kiingereza chake cha sahani, alichokishika kwa masikio bila kujua maana. Niliwahi kumuuliza wimbo fulani unasema nini. Alinijibu unasema baba yake alikuwa anapiga pasi.

Siku kwa siku tukaendelea, umeme ukija tunapiga, ukienda tunakula karanga. Ukabaki wimbo mmoja, ule baba yake aliokuwa akiurudia kuliko zote, ombolezo la mtu anayeuliza nani amemzimia taa. Na siku iliyobaki ilikuwa moja pia, kwa sababu kesho yake asubuhi Mama Charlotte alipaswa kulala hospitalini.

Siku hiyo umeme haukuja kabisa. Tulituma kuita jenereta, iliyokuwa imerudi dukani. Ikaja juu ya mkokoteni, na nyuma ya mkokoteni akaja Papa Hamisi mwenyewe, kanzu safi, ufunguo wa jenereta mfukoni. Akatusalimia wote mmoja mmoja, akauliza habari za nyumbani, akakaa.

“Mama Charlotte,” akasema kwa upole, “nyimbo zote nimesikiliza. Muzuri sana. Lakini jina yangu, sijaisikia.”

Mtu wa besi akaangalia viatu vyake.

“Papa Hamisi,” nikasema, “huu muziki hauna libanga. Hakuna sebene, tutaliweka wapi?”

“Siko naomba kwa nguvu,” alisema, na mkono ukabaki mfukoni. “Muntu anatoa groupe ya umeme, anatoa matelas ya mu ukuta, bantu bataniuliza: Hamisi, ile sahani iko yako? Nitabaonyesha nini? Mara moja tu. Hii ya leo ya kulilia iko muzuri zaidi, bantu batakuwa kimya.”

Na hakuwa mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Alikuwa anadai kile ambacho kila mfadhili hupewa kwetu, na hata mimi nilikuwa nimewapa maelfu. Lakini Mama Charlotte alisimama, na sijawahi kumwona vile.

“Papa, hii wimbo ni ya baba yangu,” alisema. “Na kesho pengine sina sauti ya kumwita hata mutoto. Weye unataka niitumie kwa matelas?”

Papa Hamisi aliona haya, lakini mtu mwenye haya naye ana kiburi chake, hakutoa ufunguo. Nje jua lilikuwa limeshapinda. Nilijua muda si mrefu jirani watawasha spika za sala ya jioni, na hapo hata jenereta tatu hazingetufaa. Nilijikuta namwomba Mungu kimoyomoyo, na kwa kuwa nilikuwa pia namtukana Hamisi kimoyomoyo, sijui ni kipi kilifika.

Mama Charlotte alizunguka chumba mara moja, akigusa vitenge vyake ukutani. Akasimama mbele ya Papa Hamisi, na nikaona jicho lake limepata utundu.

“Sawa, Papa. Nitakutaja. Washa.”

Hamisi akainuka kama kijana. Jenereta ikakohoa huko nyuma ya ukuta, taa za meza zikawaka, nikavaa spika za masikioni, nikainua kidole.

Sitaweza kuuandika ule wimbo, nitasema tu kilichotokea. Trésor alifagia. Gitaa likaingia chini kabisa. Mama Charlotte hakusimama karibu na mlango, nilikuwa nimemweka mbele, uso kwa uso na maikrofoni, mahali ambapo miaka yote sikuthubutu kumweka. Akaimba ubeti wa kwanza kwa Kiingereza chake, wa pili kwa Kiswahili. Na wa tatu, pale mtu wa wimbo anapouliza nani amemzimia taa, akafumbua macho, akamtazama Papa Hamisi aliyesimama mlangoni, akaimba:

“Hamisi, weye Hamisi, ufunguo iko mu mufuko yako. Hamisi, unaniacha mu giza, na shingo inaniuma.”

Kidole changu, chenyewe, bila kuniuliza, kilishusha gitaa kidogo ili jina lisikike.

Vieux Ngoy alikaribia kucheka nikamkazia macho, akageuza kicheko kikawa noti. Halafu ukaja ubeti wa mwisho, na pale juu, ambapo mwimbaji wa santuri alikuwa akishuka, yeye hakushuka. Akapanda. Akapanda na kukaa huko na kukaa tu, sauti nyembamba, safi, haina woga, na mimi nikiwa nimeshika meza kwa mikono miwili nikajua kwamba pengine ni mimi wa mwisho kuisikia ikiwa hai. Nililia. Nilikuwa nimekatazwa na Mzee Donatien kulia kazini kwa sababu pua ina kelele, basi nililia kwa mdomo wazi, kama samaki.

Spika za jirani ziliwaka wakati noti ya mwisho ya gitaa ilikuwa imeshakufa. Ukisikiliza sana mwishoni kabisa utasikia mtu akisema “alo, alo, test”. Nilikataa kuyatoa maneno hayo.

Tukaupiga wimbo tena wote wausikilize. Papa Hamisi alisikiliza amefunga macho. Jina lake lilipopita aliyafumbua, na ulipomalizika akaomba arudishiwe. Halafu akamgeukia Mama Charlotte.

“Lakini mama, mu hii wimbo niko muntu mubaya.”

“Blues iko vile, Papa. Haitajaka rafiki. Inataja mwenye alikuliza.”

Akafikiri. Trésor alikuwa ameshaanza kukunja vitenge kwa tahadhari.

“Bon,” akasema Papa Hamisi. “Na duka, hamuwezi kuongeza kwamba iko karibu na soko?”

Kesho yake asubuhi Hamisi akampeleka Mama Charlotte hospitalini yeye mwenyewe, kwa gari lake, na godoro jipya nyuma, limetolewa plastiki.

Albamu ilitoka wakati Mama Charlotte bado hajaongea. Tuliiita Nyimbo za Wengine, na wimbo uliopendwa ni ule. Wanawake walikuja dukani kwa Hamisi kumwangalia na kumuuliza alimfanya nini yule mama, na wakiwa pale wanabonyeza magodoro. Wengine walimwita yule aliyemliza Charlotte, naye aliitikia. Trésor aliajiriwa kwenye hoteli moja ya mjini kwa sababu ya mifagio, na sasa anajiita mtaalamu wa jazi. Mimi nilikabidhi kiti chenye kamba, nikaja Kasungami na kuku zangu.

Habari za Mama Charlotte nilizipata kwa watu. Wiki za kwanza aliandika kwa kidole hewani. Halafu akaanza kunong'ona. Sauti iliporudi ilirudi nyingine: nzito, imepasuka, ya chini kama ya mwanamume aliyeamka sasa hivi. Sauti ya kwanza ya kwaya wakampa msichana mwingine. Yeye hakuacha kwenda, alivuka tu ukumbi akaenda kwenye benchi la watenori, nao wakasogea wakampa nafasi, na mmoja akampa karatasi ya nyimbo kwa heshima zote. Waliponisimulia hilo nilicheka, kisha nikashindwa kula.

Juzi alikuja kunitembelea. Pikipiki ilimwacha barabarani, akaja kwa miguu kati ya mahindi, shingo wazi, kovu limelala vizuri. Tukakaa barazani, nikaleta karanga. Akaniambia, akiniita Yaya, yaani dada mkubwa, kwa ile sauti mpya ambayo bado masikio yangu hayajaizoea:

“Yaya, nipigie ile sahani. Nyumbani naogopa kuisikiliza pekee.”

Nikaleta redio yangu ndogo yenye kupiga sahani, nikaiweka ile albamu kuanzia mwanzo. Alisikiliza mikono juu ya magoti. Ukafika ule wimbo wa mwisho, na alipojisikia akianza kupanda, akatikisa kichwa.

“Huyu mama anaimba, kweli,” alisema.

Halafu akafungua mdomo. Hakujaribu kumfuata yule wa kwenye sahani huko juu. Alikwenda chini yake, mbali chini, na ile sauti iliyopasuka, akamshikia sauti ya pili, akamwacha apande akiwa amemkamata kwa chini asianguke. Walikuwa wawili, na wote ni yeye. Sijasikia kitu kizuri kuliko hicho katika kazi yangu yote, na kazi yangu ilikuwa imeshakwisha.

Mkono wangu ulinyooka wenyewe kutafuta kitufe cha kurekodi. Ukakuta sahani ya karanga, ukaimwaga.

Wimbo ulipoisha alinikuta nimeinama chini nakusanya karanga, macho yamejaa machozi, nikilaani kwa sauti kwamba hakuna mashine, hakuna maikrofoni, hata simu iko ndani inachajiwa.

“Sikuikamata, Charlotte,” nikamwambia. “Imepita.”

Akainama akanisaidia kuokota, bila haraka.

“Acha kulia, Yaya,” alisema. “Nitaimba tena kesho.”